Si Kila Kilichochakaa ni Chuma Chakavu



Shukrani zote anastahiki Allah (SW), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (SAW), ahli zake, Masahaba zake na wote wanaofuata mwenendo wake mpaka siku ya Kiyama. Ama baad.

Ndugu msomaji, leo nakusudia kuzungumzia jambo ambalo tunaliona kila siku katika mitaa yetu na tunalichukulia kuwa ni dogo. Ni jambo la vitu vilivyotumika: madirisha, milango, mabati, mafeni, cherehani, vitanda vya chuma, majiko na mashine. Vitu hivi vikishatuchosha, tunamwita kijana mwenye guta anayepita akigonga kipande cha chuma, anavipima kwenye mizani, anatulipa kwa kilo na tunamshukuru kwa kutuondolea uchafu. Swali ninalotaka tuliulize ni hili: je, kila kitu kilichotuchosha kimekwisha kazi? Na ikiwa hakijaisha kazi, tunayo ruhusa ya kukihukumu kuwa ni kilo tu?

Nitaanza na kosa langu mwenyewe, kwa sababu ndilo lililonifanya nirudi kwenye vitabu.

MADIRISHA MANANE YA MSIKITI

Msikiti ninaofundisha madrasa, hapa Dar es Salaam, ulifanyiwa ukarabati. Kamati iliamua kuondoa madirisha ya zamani ya chuma na kuweka ya aluminiamu. Madirisha ya zamani yalikuwa manane. Fremu zake ni za chuma kizito, zina nondo za kuzuia wezi, na zilipakwa rangi ya kijani. Yalitolewa miaka mingi iliyopita na mama mmoja wa mtaa ule, ambaye sasa ni marehemu, Allah amrehemu. Yeye aliyanunua kwa pesa yake na kutamka kuwa ni waqfu kwa ajili ya msikiti, na kila dirisha liliandikwa neno "waqfu" kwa rangi nyeupe chini ya fremu.

Baada ya kung'olewa yalilazwa uani, na mvua mbili tatu zikayanyeshea. Mzee mmoja wa kamati akaniambia, "Ustaadh, wewe uko hapa kila siku jioni. Hebu tuondolee vile vyuma, viuzwe, pesa iingie kwenye mfuko wa msikiti." Nami sikuuliza zaidi. Kesho yake nikamwita kijana wa chuma chakavu. Tulipima yote manane, yakafika kilo 112. Kwa bei ya siku ile ya shilingi 700 kwa kilo, nikapokea shilingi 78,400. Nikaandika risiti, nikakabidhi pesa, nikajiona nimefanya kazi njema.

Wiki tatu baadaye nilikwenda Gerezani kutafuta bawaba za mlango. Msomaji anayepajua Gerezani anajua hali ilivyo: nyundo zinalia toka asubuhi, huyu anakunja bati, yule anachomelea mageti, na pembeni vimepangwa vitu vya kila aina vilivyokwishatumika. Mbele ya kibanda kimoja niliyaona madirisha manne ya kijani yameegemezwa ukutani. Yalikuwa yamepigwa msasa sehemu zilizoota kutu. Nikainama chini ya fremu ya kwanza, nikaona herufi za rangi nyeupe zimebaki nusu. Sikuhitaji kusoma zaidi.

Nikamuuliza fundi bei. Akasema shilingi 30,000 kila moja. Yalikuwa manane, manne yameshanunuliwa na mtu anayejenga. Nikamwambia, "Lakini fundi, hiki si chuma chakavu?" Akacheka, akanijibu kwa upole, "Ustaadh, hili ni dirisha. Aliyeliuza kwa kilo ndiye aliyeliita chuma."

Ndugu msomaji, maneno yale niliondoka nayo kichwani. Hesabu ilikuwa wazi. Kitu ambacho fundi anakiuza shilingi 240,000 kwa ujumla wake, mimi nilikitoa kwa 78,400, na hakikuwa changu. Kilikuwa sadaka ya mama aliyekufa.

MALI SI YA KUANGAMIZWA

Jambo la kwanza la kulifahamu ni kwamba mali katika Uislamu ni amana. Katika Suratul Israa (17:26-27) Allah (SW) anatukataza ubadhirifu, na anawahesabu wabadhirifu kuwa ni ndugu wa mashetani. Wengi wetu tukisikia ubadhirifu tunafikiria harusi za kifahari na magari ya gharama. Lakini Mtume (SAW), katika hadithi ya al-Mughira bin Shu'ba iliyopokewa na Bukhari na Muslim, ametaja kuwa miongoni mwa mambo ambayo Allah anayachukia kwetu ni kuipoteza mali. Kuipoteza mali si kuitumia kwa anasa peke yake. Kitu chenye manufaa ukikitoa katika manufaa yake bila sababu, umekipoteza, hata kama hukulipa senti kukipoteza.

Tuangalie pia Suratul Hadid, sura iliyopewa jina la chuma chenyewe. Katika aya ya 25 Allah (SW) anatueleza kuwa amekiteremsha chuma, ndani yake mna nguvu kubwa na manufaa kwa watu. Hebu tulizingatie neno manufaa. Thamani ya chuma mbele ya mwanadamu ni kazi kinachoifanya: kinazuia mwizi, kinachota maji, kinalima, kinashona. Uzito ni sifa ya chuma, lakini manufaa ndiyo sababu ya kupewa neema hiyo.

NGOZI YA MBUZI ALIYEKUFA

Iko hadithi moja mashuhuri ambayo wanafunzi wa fiqhi huisoma katika mlango wa twahara, na sisi tunaishia hapo hapo kwenye twahara. Mbuzi aliyepewa sadaka mtumwa aliyeachwa huru wa Bibi Maymuna (RA) alikufa. Mtume (SAW) alipompita mzoga huyo akawauliza wenyewe kwa nini hawakuitumia ngozi yake. Wakamjibu kuwa huyo ni mfu. Akawafahamisha kuwa kilichoharamishwa ni kumla. Hadithi hii wameipokea Bukhari na Muslim kutoka kwa Ibn Abbas (RA), na katika mapokezi mengine ya Muslim imetajwa kuidabighi ngozi hiyo, yaani kuitengeneza.

Tazama namna Mtume (SAW) alivyofikiri. Wao walimhukumu mbuzi kwa hukumu moja: amekufa, basi amekwisha. Yeye (SAW) aligawa: nyama ina hukumu yake, na ngozi ina hukumu yake. Kilichoharibika kiachwe, kilichobaki na manufaa kitumike. Hii ndiyo kanuni ambayo fundi wa Gerezani anaifuata anapofungua feni iliyoungua. Mota imekufa, lakini panga, kikombe na bomba lake bado ni vizima, na kila kimoja kina mnunuzi wake.

Mtume (SAW) mwenyewe aliishi hivyo. Bibi Aisha (RA) alipoulizwa Mtume alikuwa akifanya nini nyumbani kwake, alieleza kuwa alikuwa akishona nguo yake na kutengeneza viatu vyake, kama ilivyopokewa na Imam Ahmad. Na katika Sahihi Muslim, kutoka kwa Jabir (RA), ametufundisha kuwa tonge likianguka tuliokote, tuliondoe uchafu, tulile, wala tusimwachie shetani. Ikiwa tonge moja la chakula lina adabu hii, itakuwaje dirisha la kilo 14?

KITAMBAA NA BAKULI

Watu wengine wanaona haya kuuza au kununua kitu kilichotumika, wakidhani ni jambo la udhalili. Hawa tuwakumbushe kisa kilichopokewa na Abu Dawud, Tirmidhi na Ibn Majah kutoka kwa Anas bin Malik (RA). Imam Tirmidhi ameihesabu hadithi hii kuwa ni hasan, ingawa wapo wanavyuoni wa hadithi walioizungumzia sanad yake.

Mtu mmoja katika Answari alimwendea Mtume (SAW) akiomba msaada. Mtume akamuuliza kama nyumbani kwake hamna kitu chochote. Akasema kipo kitambaa kizito, sehemu wanajifunika na sehemu wanatandika, na bakuli la kunywea maji. Mtume (SAW) akamwagiza avilete, akavichukua kwa mkono wake, akavinadi mbele ya watu. Mmoja akatoa dirhamu moja. Mtume akauliza nani atazidisha, mpaka mwingine akatoa dirhamu mbili. Yule mtu akaambiwa dirhamu moja anunue chakula cha watu wake, na ya pili anunue shoka, alilete. Mtume (SAW) akalitia mpini kwa mkono wake mwenyewe, akamtuma akakate kuni na kuuza, na asionekane kwa siku kumi na tano. Aliporudi alikuwa na dirhamu kumi.

Tujifunze mambo matatu hapa. Kwanza, vitu vilivyotumika vya nyumba maskini vilikuwa na bei, na Mtume (SAW) hakuona aibu kuwa dalali wake. Pili, hakukubali bei ya kwanza. Alitafuta anayezidisha, kwa kuwa ile ilikuwa mali ya mtu mwenye shida. Tatu, vitu vile viliuzwa kama kitambaa na kama bakuli, kwa watu waliohitaji kitambaa na bakuli. Nilipolisoma tena jambo hili la pili nilijionea haya. Mimi nilikubali bei ya kwanza, ya mtu wa kwanza, kwa mali ya msikiti.

MALI YA WAQFU INA HUKUMU ZAIDI

Kama dirisha lingekuwa langu, kosa langu lingekuwa la ubadhirifu tu. Lakini waqfu una hukumu zaidi. Asili ya waqfu ni kuwa hauuzwi, haurithiwi wala hautolewi zawadi, kama ilivyo katika hadithi ya ardhi ya Umar (RA) ya Khaybar iliyomo katika Bukhari na Muslim.

Sasa je, kitu cha waqfu kikichakaa? Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 676 Hijria, katika Minhaj, kitabu ambacho masheikh wetu wa pwani wamekisomesha kizazi baada ya kizazi, amelieleza jambo hili. Kauli anayoipa nguvu ni kuwa inajuzu kuuza mikeka ya msikiti ikichakaa, na magogo yake yakivunjika na yakawa hayafai ila kuchomwa moto. Zingatia sharti hilo la mwisho. Gogo lililotoka kwenye paa haliwi kuni kwa sababu tu limetoka kwenye paa. Linakuwa kuni likiwa halifai kitu kingine zaidi ya kuni.

Kwa zama zetu, chuma kikipelekwa tanurini ni mfano wa gogo linalotiwa motoni. Basi dirisha la waqfu ambalo bado ni dirisha halijafika katika hukumu hiyo. Kwanza litafutiwe kazi katika msikiti wenyewe, stoo au vyoo au nyumba ya imamu. Ikikosekana, msikiti mwingine unaohitaji una haki kabla ya mizani.

Kuna suala jingine, nalo ni la uwakala. Mimi nilikuwa wakala wa kamati. Mafaqihi wa madh-hab ya Shafi'i wanasema wakala aliyeambiwa "uza" bila ufafanuzi hana ruhusa ya kuuza kwa hasara kubwa kulinganisha na bei ya kitu kama kile sokoni. Akifanya hivyo na mali ikaondoka, dhamana iko juu yake. Hivyo nia yangu njema haikuniondolea dhamana. Hapa wapo ndugu zetu wengi katika kamati za misikiti, shule na madrasa ambao wamebeba madeni haya bila kujua.

MIZANI IWE YA MWISHO

Kutokana na mafunzo haya naona utaratibu wetu uwe wa hatua nne, na tusiruke hatua.

Hatua ya kwanza, tujiulize kama kitu kinaweza kurudi kazini kwa matengenezo. Cherehani iliyokwama mara nyingi inataka mafuta, mkanda na fundi wa saa moja.

Hatua ya pili, kama sisi hatukihitaji, kiuzwe au kitolewe kama kilivyo, kwa jina lake. Dirisha liuzwe kama dirisha, kitanda kama kitanda. Tuulize bei kwa watu wawili watatu kabla ya kukubali.

Hatua ya tatu, kama kitu kizima hakifai, kifunguliwe na vipuri vyake vitumike. Na wakati mwingine kitu hupata kazi mpya kabisa. Nani kati yetu hakusoma shule ambayo kengele yake ilikuwa rimu ya gari imening'inizwa kwenye mti? Nani hajaona matairi yakigeuzwa makatambuga, makopo yakigeuzwa vibatari, na mapipa yakikunjwa kuwa majiko? Ndugu zetu wa Kamukunji kule Nairobi wamejenga soko zima kwa kazi hii ya kukunja bati na mapipa kuwa masanduku, makarai na majiko.

Hatua ya nne, yaliyobaki ndiyo yaende kwenye kilo. Hapa nisieleweke vibaya. Sisemi kuwa biashara ya chuma chakavu ni mbaya. Ni kazi ya halali, inalisha familia nyingi, na chuma kinachoyeyushwa kinarudi kwetu kikiwa nondo za kujengea. Qur'an yenyewe katika Suratul Kahf (18:96) inatueleza jinsi Dhul-Qarnayn alivyotumia vipande vya chuma, moto na shaba iliyoyeyuka kujenga kizuizi cha kuwakinga watu. Kuyeyusha ni bora kuliko kutupa, na ni bora kuliko kuchimba upya: aluminiamu ikiyeyushwa kutoka kwenye chakavu hutumia kiasi cha asilimia 5 tu ya nishati inayohitajika kuitoa kwenye udongo wake. Lakini chuma huyeyuka kwenye joto la nyuzi 1,500 na zaidi, na tanuru la joto hilo linakula umeme mwingi. Lile dirisha la kijani lilihitaji msasa, rangi na nusu siku ya kazi ya fundi ili liendelee kuwa dirisha. Kulipeleka tanurini ni kulipa gharama kubwa ili kupata kitu ambacho bado kingehitaji fundi mwingine kukigeuza dirisha.

MASHARTI YA BIASHARA HII

Ukishakubali kuuza na kununua vilivyotumika, yako mambo ambayo sheria yetu inayasimamia.

Kwanza, kubainisha aibu. Mtume (SAW) alitia mkono katika rundo la nafaka sokoni, akakuta chini kumelowa. Akamkemea muuzaji kwa kuficha kilicholowa, na akafundisha kuwa mwenye kughushi si miongoni mwetu (Muslim). Kitu kilichotumika kina aibu kwa kawaida yake. Fundi anayepaka rangi juu ya kutu iliyotoboa chuma, au anayeuza friji akijua litazima baada ya wiki, amelowesha nafaka na kuifunika. Kile kibao cha "mali ikiuzwa hairudishwi" hakimwokoi mtu aliyeijua aibu akaificha. Na katika hadithi ya Hakim bin Hizam (RA), muuzaji na mnunuzi wakisema kweli na kubainisha, biashara yao hutiwa baraka (Bukhari na Muslim).

Pili, kujua kitu kimetoka wapi. Mifuniko ya mashimo ya barabarani, nyaya za umeme, mataruma na vyuma vya reli, alama za barabarani, mabomba ya maji: hivi havichakai vikaja vyenyewe kwenye mizani. Januari 2022, baada ya sehemu kubwa ya Kenya kuingia gizani na jambo hilo kuhusishwa na kuhujumiwa kwa nguzo za umeme, Rais wa wakati huo, Uhuru Kenyatta, alisimamisha biashara yote ya chuma chakavu. Ilifunguliwa tena Mei mwaka huo kwa masharti mapya. Waliokosa mkate kwa miezi ile walikuwa wengi, na wengi wao hawakuiba chochote. Anayenunua kitu akijua ni cha wizi anasaidia dhambi na uadui, na hilo limekatazwa katika Suratul Maida (5:2).

Tatu, mizani. Kijana anayezunguka juani akiokota makopo anafika yadi, anapimiwa kwenye mizani ambayo yeye haioni vizuri. Suratul Mutaffifin imeanza na onyo kali kwa wanaopunja vipimo, wanaojikamilishia wakipokea na kupunguza wakitoa (83:1-3). Mwenye yadi Muislamu aliyekwenda Hijja mara mbili na mizani yake imechezewa, aisome sura hii kwa makini.

Nne, kubadilishana. Wapo wanaopita mitaani wakibadilisha chuma kwa mabeseni na ndoo. Wananiuliza wanafunzi kama hiyo ni riba. Katika madh-hab ya Shafi'i chuma si katika mali za riba, kwa kuwa riba ya biashara imefungamana na dhahabu, fedha na vyakula. Basi kubadilisha chuma kwa beseni kunajuzu maadamu kuna ridhaa na hakuna udanganyifu. Lakini akina mama wasilinganishe na sonara. Kubadilisha cheni ya zamani ya dhahabu kwa cheni mpya ya dhahabu na kuongeza pesa ni mlango wa riba. Uza ya zamani kwa pesa, ipokee, kisha ndipo ununue mpya.

Tano, kutodhuru. Kanuni ya kutodhuru na kutodhuriana imo katika hadithi iliyopokewa na Ibn Majah. Kuna vitu ambavyo kuvirudisha kazini ni hatari. Pipa lililobeba dawa ya wadudu au kemikali ya kiwandani lisifanywe pipa la maji ya kunywa wala ya kutilia udhu. Mtungi wa gesi wenye kutu na valvu mbovu usijazwe tena. Breki zilizoisha, nyaya za umeme zilizochubuka, betri za gari zenye tindikali, hivi visiuzwe kwa mtu asiyejua. Hapa kilo ndiyo salama, na kusitasita ni dhulma. Kama vile ngozi ya mbuzi ilivyotumika na nyama ikaachwa, mwenye akili anajua cha kuokoa na cha kuacha.

NILIVYOFANYA

Nilimwendea sheikh wangu nikamweleza kila kitu. Hakunilaumu sana. Alisema kinachopatikana kirudishwe, na kisichopatikana kilipwe kwa thamani ya dirisha, si thamani ya chuma.

Nilirudi Gerezani. Fundi aliposikia kuwa ni mali ya msikiti alipunguza bei, akaniachia yale manne kwa shilingi 25,000 kila moja. Nikalipa 100,000. Kwa yale manne yaliyokwisha kuuzwa, mafundi wawili walikadiria kuwa kwa hali yake ya kutu, kabla ya msasa, kila moja lilistahili shilingi 20,000, yaani 80,000. Msikiti ulikwisha kupokea nusu ya ile 78,400, ambayo ni 39,200. Nikaingiza 40,800 iliyobaki. Ile nusu nyingine sikuigusa, niliiacha msikitini. Jumla somo hili limenigharimu shilingi 140,800, na naliona rahisi kuliko kulilipia Akhera.

Kamati ilikubali madirisha manne yapelekwe kwenye msikiti mdogo huko Chanika, ambao watoto wa madrasa walikuwa wakisoma huku matundu ya madirisha yamezibwa na mabati. Tuliyapaka rangi upya, tukaandika tena neno "waqfu" pale pale chini ya fremu. Kamati pia imeweka daftari la vitu vya msikiti, na hakuna kitu kinachoitwa chakavu mpaka watu watatu wakitazame na kuweka saini.

Limebaki jambo moja. Nilikwenda kwa binti wa yule mama marehemu kumwomba radhi. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza swali moja tu: "Yako wapi sasa?" Kwa manne niliweza kumjibu. Niliweza hata kumpeleka Chanika akayaone, na alikwenda. Kwa manne mengine sikuwa na jibu, na sina mpaka leo.

Ndugu zangu Waislamu, katika stoo za misikiti yetu, shule zetu na majumba yetu vimelala vitu vingi ambavyo mtu alivitoa akitaraji thawabu zisizokatika baada ya kufa kwake. Kabla hatujamwita kijana wa mizani, tuvitazame vizuri. Siku ya Kiyama tutaulizwa kuhusu mali, na huenda swali likawa fupi kama la yule binti.

Tunamuomba Allah (SW) atujaalie kuwa waaminifu katika amana zake, awarehemu waliotutangulia kwa kheri, na azifanye sadaka zao ziendelee kuwafikia. Amin.

Wabillahi tawfiq.